SOMO LA WIKI: Mwenzi wako akijaza makadirio ya kodi kwa jina lako wakati ndoa inavunjika

Wiki hii ukurasa huu unaweka kando bei za maharage, mahindi na saruji ili kuzungumzia jambo ambalo laweza kummalizia mtaji mfanyabiashara wa Ngara au Biharamulo hata kama soko ni zuri. Jambo lenyewe ni makadirio ya kodi yanayopelekwa kwa jina lako na mume au mke ambaye mko mbioni kuachana, bila wewe kujua wala kukubali.

Wanandoa wengi katika wilaya hizi hufanya biashara kwa mtindo wa familia. Mmoja anakaa dukani Nyakanazi, Lusahunga au Biharamulo mjini. Mwingine anafuata bidhaa Kahama au Mwanza, au anavusha mzigo Rusumo na Kabanga. Leseni ina jina la mmoja, mashine ya EFD ina jina la huyo huyo, na namba ya simu iliyoandikishwa TRA ni ya mwenzake. Mambo yakiwa shwari, hakuna anayeona tatizo. Yakiharibika, karatasi hizo zinageuka silaha.

Somo la leo ni fupi kulieleza, ingawa utekelezaji wake unahitaji nidhamu. TRA humdai mwenye TIN. Mahakama ndiyo hugawa mali na madeni kati ya wanandoa. Hizo ni njia mbili tofauti, na ushindi wa upande mmoja hauzuii hasara ya upande wa pili.

TIN ni ya mtu, si ya ndoa

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika sheria zilizotokana na utawala wa Mwingereza, kipato cha mke anayeishi na mumewe kilihesabiwa kuwa cha mume. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya ya mwaka 1973 iliandikwa kwa msingi huo. Uingereza kwenyewe mke alianza kutozwa kodi kama mtu anayejitegemea Aprili 1990.

Kwa Tanzania, chini ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, mfanyabiashara asiye kampuni hutozwa kodi yeye mwenyewe kwa kipato chake mwenyewe. Namba ya utambulisho wa mlipakodi, yaani TIN, hutolewa kwa mtu mmoja mmoja. Hakuna TIN ya "Bwana na Bibi". Wanandoa wakitaka biashara iwe ya wote wawili kisheria, wanaweza kuandikisha ubia au kampuni. Hapo chombo hicho kinakuwa na TIN yake. Katika ubia kila mbia hutozwa kodi kwa fungu lake la faida, na wakati huo mpango wa makadirio ya mfanyabiashara mdogo kwa mauzo hautumiki tena, kwa kuwa umewekwa kwa ajili ya mtu binafsi.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inakwenda njia hiyo hiyo. Ndoa peke yake haibadilishi umiliki wa mali. Mwanamke aliyeolewa ana haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali, kuingia mikataba, kushitaki na kushitakiwa. Mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja hudhaniwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo. Iliyoandikwa majina ya wote wawili hudhaniwa kuwa ya wote kwa sehemu sawa.

Kwa hiyo mume hana mamlaka ya kujaza makadirio ya mkewe kwa sababu tu ni mumewe, wala mke hana mamlaka hayo kwa mume. Anayejaza kwa niaba ya mwingine lazima awe ametumwa naye. Kuweka sahihi ya mtu mwingine bila ridhaa yake kwa nia ya kudanganya ni kughushi, na hilo ni kosa la jinai hata kama wahusika walifunga ndoa.

Mfano wa duka la vifaa

Tuchukue mfano wa kubuni ili hesabu ieleweke. Mke ana duka la vifaa vya ujenzi Nyakanazi kwa TIN yake. Mume hununua maharage Ngara vijijini na kuyauza Kahama, lakini hana TIN ya biashara. Kwa miaka kadhaa mzigo wake umekuwa ukipita kwa TIN ya mke: risiti za wauzaji wa jumla, hati za forodha za Rusumo, na kadhalika. Ndoa inaingia mgogoro na shauri linafikishwa kwenye baraza la usuluhishi la kata.

Mwezi Machi mume anajaza makadirio ya mwaka kwa TIN ya mke. Anaweza kufanya hivyo kwa kuwa simu inayopokea ujumbe wa TRA ni yake na neno la siri analijua. Anaandika mauzo ya shilingi 60,000,000, akichanganya duka na maharage. Kodi inatoka, tuseme, shilingi 2,100,000. Mke kwa hesabu zake anaona duka pekee lingestahili kodi ya shilingi 400,000.

Kwa nini mume afanye hivyo? Sababu zaweza kuwa tatu. Ya kwanza ni kutaka hati ya uthibitisho wa ulipaji kodi ili leseni itoke na mzigo wake uendelee kutembea. Ya pili ni kulitupa deni la maharage yake kwa mke kabla ya kugawana. Ya tatu ni kutengeneza ushahidi kwamba duka ni kubwa, ili aombe sehemu kubwa mahakamani. Wakati mwingine hufanywa kinyume chake: mauzo yanaandikwa kidogo mno ili hakimu aone duka halina kitu.

Njia yoyote kati ya hizo, barua ya kudaiwa inakwenda kwa mke. Asipolipa, riba inaanza kuhesabiwa, na TRA ina mamlaka ya kukamata mali yake au kuiagiza benki ilipe deni kutoka akaunti yake. Maelezo kwamba "tunaachana" hayasimamishi utaratibu huo.

Hatua za kuchukua, kwa mpangilio

Kwanza, chukua udhibiti wa TIN yako. Nenda ofisi ya TRA ya wilaya wewe mwenyewe ukiwa na kitambulisho cha taifa. Omba namba ya simu na anwani ya barua pepe zibadilishwe ziwe zako, na neno la siri libadilishwe. Kama kuna mhasibu au mshauri wa kodi aliyekuwa akiwahudumia wote wawili, mwandikie barua kwamba hana tena idhini ya kuwasilisha chochote kwa jina lako bila sahihi yako, na nakala uipeleke TRA. Jambo hili lifanyike siku mgogoro unapoanza, bila kungoja talaka itoke.

Pili, omba taarifa ya akaunti yako ya kodi na nakala ya kila kilichowasilishwa kwa TIN yako. Angalia makadirio, malipo, ununuzi ulioandikwa kwa TIN yako na hati za forodha. Wafanyabiashara wa Rusumo na Kabanga wawe makini zaidi hapa, kwa sababu mzigo ulioingizwa kwa TIN yako unabaki kwenye kumbukumbu za forodha, na ofisa wa kodi anaweza kuuliza uliuzwa wapi na kwa kiasi gani.

Tatu, andika barua ya kukana makadirio hayo. Barua iwe fupi. Taja TIN, mwaka wa mapato, tarehe makadirio yalipowasilishwa, kwamba hukuyaandaa wala hukumtuma mtu, na kiasi unachoona ni sahihi. Ambatanisha kielelezo cha mgogoro, kwa mfano barua ya wito wa baraza la kata. Peleka nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo. Maelezo ya mdomo kwa ofisa, hata awe mwema kiasi gani, hayahesabiki baadaye.

Nne, rekebisha makadirio. Mlipakodi anaruhusiwa kuwasilisha makadirio mapya katikati ya mwaka pale hali inapobadilika. Kwa mwenye mwaka wa hesabu wa Januari hadi Desemba, awamu za malipo ni 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Ukigundua kosa Aprili, usingoje Desemba, kwa maana kila awamu inayopita bila kulipwa inaongeza riba.

Tano, pinga kwa wakati. Ofisi ikikataa marekebisho na kushikilia kodi ile, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inakupa siku 30 tangu kupokea uamuzi kuwasilisha pingamizi kwa Kamishna Mkuu, kwa maandishi na kwa sababu. Ili pingamizi lipokelewe unatakiwa kulipa kodi usiyoibishia au theluthi moja ya kodi iliyotozwa, ile iliyo kubwa. Katika mfano wetu, kodi isiyobishaniwa ni shilingi 400,000 na theluthi ya 2,100,000 ni shilingi 700,000. Kwa hiyo mke atalipa 700,000 kwanza. Kama hana uwezo, sheria inamruhusu kuomba kwa maandishi apunguziwe au asamehewe malipo hayo ya awali kwa sababu ya msingi. Ombi hilo nalo lina muda wake, hivyo liende mapema.

Uamuzi wa Kamishna Mkuu usiporidhisha, njia inayofuata ni Bodi ya Rufani za Kodi, halafu Baraza la Rufani za Kodi, na kwa hoja za kisheria Mahakama ya Rufani. Msomaji akumbuke kwamba katika rufani za kodi mzigo wa kuthibitisha kuwa kodi imezidi uko kwa mlipakodi. TRA hailazimiki kuthibitisha kwamba maharage yalikuwa yako. Ni wewe wa kuthibitisha kwamba hayakuwa yako.

Sita, kama sahihi imeghushiwa, toa taarifa polisi na uchukue namba ya taarifa hiyo. Si lazima lengo liwe kumfunga mzazi mwenza. Namba hiyo inaipa uzito barua yako ya TRA na maelezo yako mahakamani. Hata hivyo fikiri kabla ya kufanya hivyo, kwa sababu shauri la jinai likishaanza si rahisi kulirudisha nyuma, na huenda baraza la kata lilikuwa karibu kuwapatanisha.

Upande wa mahakama

Kwa kawaida shauri la talaka huanzia baraza la usuluhishi wa ndoa. Baraza likishindwa kupatanisha hutoa hati, ndipo mdai anafungua shauri. Sheria ya Ndoa inaruhusu shauri hilo lianzie Mahakama ya Mwanzo, ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu. Wengi wa wilaya zetu huanzia Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu.

Mahakama hiyo haiwezi kufuta kodi. Migogoro ya kodi ina Bodi yake. Lakini kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja, na katika kugawa huko inatakiwa kutazama mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi, mahitaji ya watoto wadogo, na madeni ambayo mmoja aliyaingia kwa manufaa ya wote.

Hapo ndipo mke wa mfano wetu anapopaswa kulileta suala la kodi. Kwa kodi ya duka lililolisha familia, anaweza kuomba mume abebe sehemu. Kwa kodi ya maharage ambayo fedha yake ilibaki kwa mume, anaweza kuomba mume aibebe yote, au fungu lake la mali lipunguzwe kwa kiasi hicho. Ni lazima aombe, na aoneshe karatasi. Hakimu hawezi kugawa deni ambalo hakuna aliyelitaja. Deni likijitokeza baada ya hukumu, mwenye TIN atalipa peke yake na kuanza safari mpya ya mahakamani kumdai mtalaka wake.

Tukumbuke pia kwamba amri ya mahakama kati ya mume na mke haiifungi TRA ambayo haikuwa mdaawa. Hakimu akisema mume alipe, na mume asilipe, TRA itaendelea kumtazama mwenye TIN. Kwa sababu hiyo ni afadhali kuomba mahakama iamuru deni lilipwe kwanza kutokana na mali ya pamoja, kwa mfano mauzo ya gari au akiba ya benki, kabla ya kila mtu kuchukua chake.

Hesabu moja kwa TRA, nyingine kwa hakimu

Hapa ndipo wafanyabiashara wengi hunaswa, wanaume kwa wanawake. Mtu amekuwa akiiambia TRA kwamba duka linauza shilingi milioni 10 kwa mwaka. Siku ya talaka anamwambia hakimu kwamba duka linauza milioni 80 na anataka nusu. Wakili wa upande wa pili anatoa makadirio ya kodi na kuuliza: ni lini ulisema kweli? Akisema kweli ni milioni 80, amekiri kwa kinywa chake kwamba aliidanganya TRA, na kodi ya miaka ya nyuma yaweza kufunguliwa upya. Akisema kweli ni milioni 10, mgawo wake unapungua.

Mahakama zetu zimekwisha kuonesha uzito wa kumbukumbu. Katika shauri maarufu la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, lililoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1983, ilikubaliwa kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika kuchuma mali. Wengi wanakumbuka sehemu hiyo tu. Lakini mrufani mwenyewe hakupata zaidi, kwa sababu mume alikuwa amempa fedha za mradi wa biashara na mahakama iliona alizitumia vibaya. Haki ilikuwepo, kilichomwangusha ni fedha za biashara zilizopotea. Mwaka 2020, katika shauri la Gabriel Nimrod Kurwijila na Theresia Hassani Malongo, Mahakama hiyo hiyo ilisisitiza kwamba kiwango cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi.

Daftari la mauzo, risiti za EFD, stakabadhi za benki na za simu zina kazi mbili kwa wakati mmoja. Zinakulinda TRA na zinakulinda kwa hakimu. Sheria ya mwaka 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe kwa miaka 5. Kwa aliye kwenye mgogoro wa ndoa, nakala zisilale kwenye nyumba mnayogombania. Ziweke kwa ndugu, kwa wakili, au mahali pengine salama.

Mali ikihama kwa sababu ya talaka

Kuna nafuu moja ambayo watu hupoteza kwa kutojua. Kwa kawaida kuhamisha nyumba, kiwanja au rasilimali nyingine kwenda kwa mtu mwingine kunaweza kuleta kodi ya ongezeko la thamani ya mtaji. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inatambua mali inayohamishwa kwa mwenzi wa zamani kama sehemu ya mgawo wa talaka, au ya makubaliano ya kweli ya kutengana. Aliyepokea akichagua hivyo kwa maandishi, mali huhesabiwa kuwa imehama kwa gharama yake halisi, bila faida ya kutozwa wakati huo. Kodi itakuja siku mpokeaji atakapoiuza. Hivyo unapopewa kiwanja cha Ngara mjini kwa hukumu ya talaka, peleka TRA hukumu pamoja na barua ya kuchagua nafuu hiyo kabla ya kubadilisha jina.

Wenye ndugu Marekani

Baadhi ya wasomaji wana ndugu au marafiki Marekani, wakiwemo waliokuwa wakimbizi wa Burundi katika mikoa ya Kagera na Kigoma ambao walihamishiwa huko kuanzia mwaka 2007. Kule hali ni tofauti. Wanandoa wanaruhusiwa kujaza fomu moja ya kodi kwa pamoja, na wakifanya hivyo kila mmoja anadaiwa deni lote, hata sehemu ya mwenzake. Fomu hiyo inahitaji ridhaa na sahihi za wote wawili. Aliyewekewa sahihi ya kughushi anaweza kupinga kwamba fomu ile haikuwa ya pamoja, na aliyesaini bila kujua udanganyifu wa mwenzake anaweza kuomba nafuu ya mwenzi asiye na hatia kwa fomu namba 8857. Lakini huko nako hati ya talaka inayosema "mume atalipa" haiizuii IRS kumdai mke. Somo la Nyakanazi na la Chicago, kwa hilo, ni moja.

Kwa muhtasari

Mfanyabiashara aliye katika ndoa tulivu afanye mambo matatu tangu sasa: TIN yake isitumike kwa mzigo wa mtu mwingine, simu iliyoandikishwa TRA iwe yake mwenyewe, na mwenzi mwenye biashara yake achukue TIN yake. Hakuna dharau ndani yake. Ni sawa na kila mmoja kuwa na ufunguo wa duka lake.

Aliye kwenye mgogoro ahesabu siku. Barua ya kukana iende mara tu unapojua, pingamizi liende ndani ya siku 30, na deni litajwe kwa hakimu kabla ya hukumu ya mgawanyo. Gharama ya nauli ya kwenda ofisi ya TRA na ya kutoa nakala chache ni ndogo. Theluthi ya kodi isiyo yako, na riba juu yake, inaweza kumaliza mtaji wa duka zima.

Mwisho, anayejiandaa kununua duka, gari la mzigo au kiwanja kutoka kwa mtu aliye kwenye talaka aulize mambo mawili kabla ya kulipa: je, mwenzi amekubali kwa maandishi, na je, akaunti ya kodi ya muuzaji iko safi? Bei ya chini sana katika hali hiyo mara nyingi ina sababu, na sababu hiyo mnunuzi huijua baada ya fedha kutoka.